Ya Ishirini Itakuwa Ipi?

Mpe mtoto wa gredi ya tatu nambari hizi: 3, 6, 9, 12, kisha nafasi tupu. Ataandika 15 kabla hujamaliza kusoma swali. Mwalimu ataweka alama ya vema, mzazi atafurahi, daftari litafungwa. Sasa mwulize swali jingine: ya ishirini itakuwa ipi? Watoto wengi watarudi kwenye vidole. Wataongeza tatu, na tatu, na tatu, midomo ikicheza, na wakifika katikati watapoteza hesabu waanze upya. Mmoja mmoja atakutazama tu akwambie, sitini. Huyo hakuwashinda wenzake kwa kasi ya kujumlisha. Ameona kwamba ya kwanza ni tatu moja, ya pili ni tatu mbili, ya kumi ni tatu kumi, basi ya ishirini ni tatu ishirini. Wenzake wameona hatua ya kutoka nambari moja hadi jirani yake. Yeye ameona kanuni inayozitawala zote.

Makala haya nawaandikia wazazi, walezi na ndugu wakubwa wa Wema, Hewani na vijiji vya jirani mpaka Garsen mjini, ambako mtoto akitoka shule humkuta mtu mzima aliyeachana na hesabu zamani na hana hamu ya kurudiana nazo. Ombi langu ni moja. Swali la "inayofuata ni ipi?" lisiwe mwisho wa mazungumzo. Liongezewe mawili: "umejuaje?" na "ya ishirini itakuwa ipi?" Maswali hayo hayahitaji kitabu, hayahitaji Kiingereza, wala hayamlazimu anayeuliza awe anajua jibu.

Shuleni mpangilio huanza mapema. Tangu mtaala wa CBC uingie madarasani nchi nzima Januari 2019, mtoto wa chekechea hupanga vitu kwa rangi na maumbo, na akiingia gredi ya kwanza huanza kujaza nambari zilizokosekana. Kasoro iko kwenye namna tunavyompima. Mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita, uliofanywa kwa mara ya kwanza 2022, ni wa kuchagua jibu, na karatasi ya kuchagua jibu haina pa kumwuliza mtoto amejuaje. Mwalimu naye, darasa likiwa limejaa hadi dirishani, hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja akijieleza. Kazi hiyo ya kusikiliza inabaki nyumbani, na kwa bahati nzuri ndiyo nyepesi kuliko zote.

Kwa mtoto wa chekechea, yaani PP1 na PP2, anza na mwili kabla ya nambari. Piga kofi, kofi, paja. Kofi, kofi, paja. Mwache ajiunge, kisha nyamaza ghafla umwone kama ataendelea peke yake. Akiendelea, chukua vifuniko vya soda upange: viwili vyekundu na cheusi kimoja, viwili vyekundu na cheusi kimoja. Nyamaza umsubiri. Mtoto akikwambia "hivi ni kama yale makofi", hapo ametimiza jambo kubwa kuliko kujaza nafasi tupu kumi daftarini, kwa sababu ametambua kwamba mpangilio si rangi wala sauti. Watu wa Tana tusione haya katika somo hili. Wimbo wa taifa uliotayarishwa 1963 ulichukua melodi yake kwa wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Mtoto aliyelazwa kwa sauti inayorudiarudia ameanza somo kabla ya kujua moja na mbili.

Hapo kwenye vifuniko kuna jambo ambalo wazazi wengi hulipita. Mtoto anaweza kuendeleza mstari kwa kunakili tu, akitupa jicho nyuma na kuweka kinachofanana. Ili ujue kama ameelewa, mwambie akate mstari huo kwa kijiti kila pale unapoanza upya. Aliyeelewa atakata baada ya kila vitatu. Asiyeelewa atakata popote, au atakata baada ya kila rangi. Kipande kinachorudia ndicho moyo wa mpangilio, na mtoto asiyeweza kukionyesha bado hajauona, hata kama mstari wake ni sahihi mwanzo hadi mwisho.

Ukitaka kuona kipande kinachorudia kikifanya kazi nzito, kaa karibu na mwanamke anayesuka ukili wa mkeka. Kuna usukaji wa chane moja juu, moja chini, na kuna wa mbili juu, mbili chini, ambao huacha mistari ya mshazari. Chane zikitiwa rangi, mambo yanazidi utamu. Tuseme msukaji amepanga chane mbili nyekundu na tatu nyeupe, kisha mbili nyekundu na tatu nyeupe, akiendelea hivyo hivyo. Mwulize mtoto wa gredi ya nne: chane ya 23 ni ya rangi gani? Ataanza kuhesabu, na umwache ahesabu. Kisha mwulize kama kuna njia isiyochosha. Kipande kina chane tano. Tano huingia ishirini na tatu mara nne, baki tatu. Maana yake vipande vinne vimekwisha kamili, na sasa tuko kwenye chane ya tatu ya kipande kipya. Ya kwanza na ya pili ni nyekundu, ya tatu ni nyeupe. Jibu ni nyeupe.

Tazama kilichotokea hapo. Darasani mtoto hufundishwa kugawanya, na ile baki huandikwa pembeni ya jibu bila kazi yoyote. Wengine huiona ni kasoro, hesabu iliyokataa kuisha. Kwenye mkeka baki ndiyo jibu lenyewe. Mpe ya 50, apate baki sifuri, na umwone atakavyobabaika: sifuri ni chane gani? Usimwambie upesi. Hamsini ni vipande kumi kamili, kwa hiyo chane ya 50 ni ile ya mwisho katika kipande, nyeupe. Akishalipata hilo kwa mikono yake, umpe ya 101 aifanye akiwa anatembea kwenda shambani.

Mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefanya kazi Msumbiji miaka mingi na kufariki 2014, aliandika sana kuhusu vikapu, mikeka na mitego ya samaki ya kusini mwa Afrika na hesabu zilizofichwa ndani yake. Hoja yake moja naipenda. Fundi anayeiga usukaji alioukuta hafanyi hisabati kwa kuiga huko, lakini yule wa kwanza aliyeuvumbua alifanya. Mwenye kunakili mstari wa vifuniko na mwenye kujua chane ya 101 wametengana mahali hapo hapo. Kazi yetu ni kumrudisha mtoto kwenye nafasi ya yule wa kwanza, hata kama ni kwa dakika kumi za jioni.

Sasa tuje kwenye mpangilio unaokua, ambao ndio huwashinda watoto wengi kuanzia gredi ya nne. Vunja njiti za fagio la chelewa ziwe na urefu mmoja. Mpangie mtoto pembetatu moja chini kwenye mkeka: njiti tatu. Ya pili iunge ubavuni mwa ya kwanza, zikishirikiana upande mmoja: unaongeza njiti mbili tu, jumla tano. Ya tatu vivyo hivyo, jumla saba. Mwachie aendelee hadi pembetatu tano. Mazungumzo yatakwenda karibu hivi:

"Mama, tano zimekula njiti kumi na moja."

"Haya. Na pembetatu kumi?"

"Ishirini na mbili."

"Umejuaje, baba?"

"Si kumi ni tano mara mbili? Basi kumi na moja mara mbili."

Usimwambie amekosa. Kosa hili ni la mtoto anayefikiri, na ukimkatiza utamfundisha kwamba kufikiri ni hatari. Mwambie hivi: "Haya, tengeneza nyingine tano, halafu uziunge." Atatengeneza mlolongo wa pili wenye njiti kumi na moja. Akiisogeza miwili igusane, ataona pale kwenye kiungo pana njiti mbili zimelala pamoja, ya mlolongo huu na ya ule, na moja haina kazi. Ataitoa. Zimebaki ishirini na moja. Hapo hukusema neno, na hatasahau.

Kisha rudi kwenye swali letu. Ya ishirini je? Watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kukupa njia mbili, nawe uzipokee zote. Mmoja atasema: ya kwanza ina njiti tatu, zile kumi na tisa zilizobaki kila moja inaongeza mbili, yaani tatu na thelathini na nane, arubaini na moja. Mwingine atasema: kuna njiti moja ya kufungulia, halafu kila pembetatu, hata ya kwanza, inaongeza mbili, moja na arubaini, arubaini na moja. Waache wabishane kwa muda kuhusu nani yuko sawa kabla ya kugundua kwamba wote wako sawa. Binafsi naona ubishi wa aina hii una faida kuliko kurasa nne za mazoezi, na mzazi anayetamani nyumba kimya saa ya masomo anajinyima kitu.

Majedwali ya kuzidisha nayo yanafaa kupitiwa kwa jicho hili. Watoto wetu huyaimba, na kuimba si vibaya, ila wimbo ukikatika hapo saba mara nane, mtoto hana pa kushika. Chukua jedwali la tisa: 9, 18, 27, 36, 45, 54, 63, 72, 81, 90. Mwandikie kwenda chini, kila moja mstari wake, umwulize anaona nini. Ataona makumi yanapanda moja moja na mamoja yanashuka moja moja. Ataona pia kwamba tarakimu mbili zikijumlishwa hupatikana 9. Sifa hizi mbili hufundishwa shuleni kama ujanja wa kukumbukia. Wewe uliza kwa nini. Kwa sababu kuongeza tisa ni kuongeza kumi na kutoa moja: kumi ndilo linalopandisha makumi, na ile moja iliyotolewa ndiyo inayoshusha mamoja. Akiijua sababu, tisa mara saba ni sabini kasoro saba, sitini na tatu, na tisa mara kumi na mbili ni mia na ishirini kasoro kumi na mbili, mia na nane. Halafu mpe 9 mara 11, ajumlishe tarakimu za jibu. Atapata 18, siyo 9, na atashtuka. Mwache ashtuke, kisha ajumlishe 1 na 8.

Mshtuko huo una kazi yake, maana mtoto anayeanza kuona mipangilio hupenda kuiona hata isipokuwepo. Mwandikie 1, 2, 4 umwulize inayofuata. Akisema 8, kwa kuwa kila moja ni maradufu ya iliyotangulia, yuko sawa. Akisema 7, kwa kuwa umeongeza moja, kisha mbili, sasa uongeze tatu, yuko sawa pia. Kitabu kitakuwa na jibu moja, na mtoto mwenye jibu la pili atawekewa kosa. Mzazi ukiona kosa la namna hiyo daftarini, mwulize mtoto sababu yake kwanza kabla ya kumgombeza, na ukiona sababu ina mashiko, mwambie mwalimu kwa adabu. Walimu wengi hufurahi.

Kwa walimu na watoto wa gredi za juu lipo jambo zuri zaidi. Chora duara, weka nukta mbili ukingoni, uziunganishe kwa mstari: duara limegawika sehemu 2. Weka nukta tatu, unganisha kila moja na kila nyingine: sehemu 4. Nukta nne: sehemu 8. Nukta tano: 16. Darasa zima litapiga kelele kwamba nukta sita zitatoa 32. Wachore, wakihakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja, na wahesabu kwa makini. Zitatoka 31. Watahesabu tena, wakilaumu macho yao. Ni 31 kweli. Mtoto aliyeiona 31 kwa macho yake hatakubali tena mpangilio kwa sababu tu umeanza vizuri. Atataka kujua unatokana na nini.

Wakazi wa kando ya Tana wanalijua hilo bila duara. Mto huu, mrefu kuliko yote ya Kenya, hubeba mvua za Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na kwa vizazi wakulima wa mpunga wameishi kwa mafuriko mawili kwa mwaka, ya masika na ya vuli: maji yapande, yalishe mashamba, yashuke, watu wapande. Mpangilio huo ulikuwa na sababu yake, na sababu ilipoguswa, nao ukaguswa. Mabwawa yalijengwa juu huko, Kindaruma 1968, Masinga 1981, na mengine kati na baada yake, na mafuriko hayakuwa tena yale ambayo wazee walikuwa wakiyatabiri. Ikaja El Niño ya 1997 na 1998, yakaja maji ya Novemba 2023 na ya masika ya 2024, yakawatoa watu vijijini. Mtoto wa gredi ya sita anaweza kuketi na babu yake, akaandika kwenye mstari mmoja miaka ya mafuriko makubwa ambayo mzee anaikumbuka, kisha akatafuta kama imepishana sawasawa. Haijapishana. Zungumza naye kuhusu tofauti ya mpangilio unaojirudia kwa mazoea na ule wa njiti, ambao kanuni yake haina siku ya kuvunjika. Ila usimtume ukingoni kupima kina cha maji kwa fimbo, kama vitabu fulani vinavyopendekeza kazi za nje. Waandishi wake hawakuwafikiria mamba wetu. Kivuli cha mwembe wa uwanjani kinapimika vizuri, saa kwa saa, na hakina meno.

Saa yenyewe pia ni somo, na ni somo ambalo mtoto wa pwani ameshikwa nalo pande mbili. Nyumbani ni saa moja asubuhi, kwenye karatasi ya Kiingereza ni 7. Wengine hukariri kila saa na mwenziwe, jambo lisilo na haja. Mwonyeshe uso wa saa ya ukutani: nambari yoyote na iliyo mkabala wake zinapishana kwa 6. Moja inatazamana na saba, mbili inatazamana na nane, kumi inatazamana na nne. Akitaka kuhama kutoka usemi mmoja hadi mwingine, avuke tu upande wa pili wa duara. Kisha mwulize: ukianza kupika wali saa kumi, ukangoja saa tano nzima, itakuwa saa ngapi? Saa kumi na tano haipo. Ni saa tatu. Nambari zinazozunguka namna hii ni ndugu wa ile baki ya kwenye mkeka, na mtoto mwerevu ataliona hilo mwenyewe.

Kalenda ya dukani iliyobandikwa ukutani nayo usiiache. Mwambie achore mraba kuzunguka nambari nne zilizopakana, kwa mfano 8 na 9 juu, 15 na 16 chini, ajumlishe mshazari: 8 na 16, kisha 9 na 15. Zote 24. Ajaribu kwingine, na kwingine tena. Akishachoka kushangaa, umejuaje-kwamba-itakuwa-hivyo-daima ndilo swali linalofuata, na jibu liko kwenye ile 1 ya kwenda kulia na ile 7 ya kwenda chini.

Na kwa jirani zetu Waorma, watoto wanaochunga wana mpangilio wao kabla ya kushika kalamu. Tuseme ng'ombe hushushwa mtoni siku ya 2, ya 4, ya 6, na mbuzi siku ya 3, ya 6, ya 9. Siku zipi malka, ile njia ya mifugo ya kushukia mtoni, itajaa makundi yote mawili? Ya 6, ya 12, ya 18. Darasani jambo hilo huitwa LCM, na huingia likiwa na ngazi ya migawanyo ambayo mtoto haoni inampeleka wapi. Aliyekwisha kuhofia msongamano wa malka anajua inampeleka wapi. Mkiwa na watoto wa jamii zote mbili darasa moja, anzeni na swali hili, mwone nani atalijibu mwanzo.

Kuhusu lugha sitasema mengi. Kuanzia gredi ya nne hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, na wazazi wengi hujitoa hapo wakidhani hawana cha kuchangia. "Umejuaje?" inaulizika kwa Kipokomo, kwa Kiorma na kwa Kiswahili, na mtoto atajieleza kwa kina zaidi katika lugha anayoota nayo. Neno la Kiingereza atalipata kwa mwalimu kesho. Kitu kisichopatikana kwa urahisi kesho ni mtu mwenye subira ya kumsikiliza akipapasa maneno, kwa hiyo akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia. Na uulize "umejuaje?" hata akipatia. Mtoto anayeulizwa sababu siku ya kukosea tu hujifunza haraka kwamba swali hilo ni adhabu, na atabadili jibu sahihi kwa hofu.

Muda usizidi dakika kumi au kumi na tano, tena akiwa ameshiba. Mchezo unaokubalika karibu kila nyumba ni ule wa kutafuta mwizi. Unapanga mstari mrefu wa maharagwe na mahindi kwa mpangilio fulani, unaharibu mahali pamoja kwa makusudi, mtoto anamtafuta mwizi. Kisha mnabadilishana: yeye apange, yeye afiche, wewe utafute. Kutunga ni kugumu kuliko kutafuta, na mtoto akianza kukutungia mipangilio inayokushinda kweli, kazi yako imeiva.

Yote haya yana kituo chake. Siku moja mwalimu ataandika herufi ubaoni, n, na watoto wengi watahisi hesabu imegeuka kuwa kitu kingine. Aliyecheza na njiti amekwisha fanya algebra bila herufi. Njiti moja ya kufungulia na mbili kwa kila pembetatu: 1 + 2n. Kwake n ni pembetatu zozote utakazomtajia, ishirini, mia, ama zile ambazo hujamtajia bado. Mpe mtoto kazi ya kusema kanuni kwa maneno kamili, "zidisha idadi ya pembetatu kwa mbili, uongeze moja", na umzoeze kuiandika sentensi hiyo chini. Herufi itakapokuja, itakuwa ni njia fupi ya kuandika jambo lake mwenyewe.

Kwa nyumba iliyomaliza njiti, hili hapa la embe. Wauzaji wa barabarani Garsen hupanga fungu dogo kwa kuweka embe tatu chini na moja juu: nne. Ongeza tabaka chini yake, lenye embe sita, fungu liwe kumi. Tabaka linalofuata lina kumi, fungu liwe ishirini. Fungu la tabaka sita lina embe ngapi? Atakayetaka kudonoa jibu atasema arubaini, akikumbuka kwamba tabaka nne ni ishirini, na kuziongezea tabaka mbili za kumi kumi. Siyo. Mpangie tabaka moja moja chini, kando kando, azihesabu kabla ya kuzipandisha: 1, 3, 6, 10, kisha aseme mwenyewe mbili zinazofuata na kwa nini. Jumla itatoka 56. Kama msimu wa embe umepita, ndimu zinafaa. Mawe ya mviringo hayakai.